Jina la Mzee Asukulu Barabarani

Vijana wangu wa karakana ya Kakoba, siku mliponiaga mlininunulia soda, mkanipa saa ya ukutani, kisha mkaniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi kabla ya mashine. Saa yenyewe imeshakwama, lakini ombi lenu nimelitimiza. Nimeandika kwa kalamu, kwa sababu mkono uliozoea brashi haupendi vitufe, na kwa sababu kila nikiigusa kompyuta yenu inaniuliza maswali.

Msitarajie nieleze nilipanda cheo lini. Fundi wa mabango hana cheo, ana ngazi, na ngazi yangu mnaijua, ni ile yenye kidato kilichofungwa waya. Nitaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na zaidi ya yote nitaeleza habari ya barabara ya Juru. Kila mmoja wenu ameisikia kwa namna yake, na kila aliyewasimulia alicheka mno hata hakuifikisha mwisho. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitaifikisha.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, kutoka upande wa Fizi, Kongo, baada ya vita ya mwaka wa tisini na sita. Kwetu nilikuwa nikiandika mistari ya Biblia kwenye kuta za makanisa, na katika kukimbia nilisahau sufuria lakini sikusahau brashi zangu, jambo ambalo mke wangu alinikumbusha kila jioni kwa muda mrefu. Tulipewa kiwanja huko Juru, mojawapo ya zoni za kambi. Nikalima maharage kama kila mtu, na vibaya kuliko kila mtu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuja kwa msiba. Jirani yetu mzee alifariki, na wanawe walikuwa wamemtengenezea msalaba kwa mbao za kreti. Wakaniuliza kama naweza kuandika jina lake. Nilipata rangi nyeusi iliyoachwa na watu wa ujenzi, nyeupe nikaomba kanisani. Niliupaka ubao mweusi, nikaandika herufi nyeupe, nikazungushia mstari mwembamba ukingoni. Watu wakaja kuutazama, wakasema marehemu amepata msalaba mzuri kuliko nyumba aliyokuwa akiishi. Tangu hapo kila mwenye msiba alinijia, na kwa kuwa waliofiwa hawana moyo wa kuchagua rangi, mkono wangu ukazoea namna ile ile moja: ubao mweusi, herufi nyeupe, mstari ukingoni. Miaka ikapita sijaandika jina la mtu mzima wa afya.

Mtaelewa basi kwa nini watu wa Juru walinipa heshima iliyochanganyika na hofu. Nikikutana njiani na mzee mwenye kikohozi, alikuwa akikibana kikohozi mpaka nipite. Mmoja aliniambia, "Fundi, pita tu, mimi niko bien, niko muzima." Hata biashara zilipoanza kukua na watu wakataka mabango, hakuna aliyekubali jina lake liguswe na brashi yangu. Kinyozi mmoja aliniita nimwandikie saluni. Nikamuuliza niandike jina gani.

"Andika Paris," akasema.

"Ulisha kufika Paris?"

"Hapana. Ila usiandike jina yangu, Fundi. Kama iko mutu ya kufa, ikufe Paris."

Ndiyo sababu Juru ya siku zile ilikuwa na Saluni Paris, Duka Bruxelles na Hoteli Canada, zote kwenye mstari mmoja, na hukuona popote pameandikwa kwa Yohana au kwa Mama Fulani. Wageni walidhani ni watu wenye ndoto za mbali. Kumbe walikuwa wakiogopa kuzikwa.

Niliingia Mbarara kutafuta kazi ya watu wanaopumua. Katika mtaa wake wa Kakoba palikuwa na karakana ya Mzee Katungi, Mnyankore, mwanajeshi mstaafu, ambaye Kiswahili chake alikipata kambini na hakukirekebisha tena. Mnamjua kwa picha iliyo juu ya mlango wenu. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama nje nimeshika brashi zangu.

"Wewe naandika nini?" akauliza.

"Naandika majina, mzee."

"Majina ya nani?"

"Ya marehemu."

Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Hao nalalamika?"

"Hapana, mzee."

"Hapa watu nalalamika. Kaa chini, mimi nafundisha wewe."

Alinifundisha kweli. Alinifundisha kupiga mstari kwa kamba iliyopakwa chaki, kuegemeza kifundo cha mkono juu ya kijiti ili usitetemeke, kuosha brashi kwa mafuta ya taa kabla ya kunawa mikono yako mwenyewe. Alinifundisha kuvuka barabara, kufumba jicho moja na kulisoma bango kutoka upande wa pili, kwa sababu mteja analitazama akiwa dukani lakini wateja wake watalitazama wakiwa juu ya boda boda. Nilipobana herufi alinichapa kidogo vidoleni kwa rula. "Herufi ni ng'ombe," alisema. "Wewe nabana yeye, nakosa majani. Acha kila moja nakula."

Kakoba ilinifundisha pia jambo lingine, nalo ndilo lililoniponza. Mjini kila mtu anataka jina lake, na analitaka kubwa. Mwenye bucha alitaka jina lake na picha ya ng'ombe anayetabasamu. Sikumuuliza ng'ombe anatabasamia nini. Mwenye boda boda alitaka jina lake kwenye madigadi, na la mchumba chini yake, kisha baada ya muda anarudi tumfute mchumba. Mwenye nyumba aliandika jina lake, la baba yake na mwaka. Nikakaa humo miaka mingi nikiandika majina ya watu wanene na wenye afya, na macho ya Juru yakanitoka.

Sasa niwaambie Mzee Asukulu alikuwa nani. Alikuwa mwenyekiti wa zoni ya Juru, na Wakongomani wenzangu walimwita Prezida. Muhuri wa zoni aliuweka ndani ya soksi, na soksi ndani ya mfuko wa koti, na sijui kama alilala nao lakini mke wake, Mama Riziki, hakuwahi kukanusha. Bila muhuri ule hupati barua ya kusafiri, hupati barua ya shule, hupati chochote.

Kati ya soko la Juru na kilima, barabara kuu ya makambi ilipita mahali penye kinamasi. Mvua ikinyesha, magari yalizama pale mpaka milango. Wajawazito walishushwa na kubebwa na waume zao, na wengine hawakufika. Mzee Asukulu aliandika kuomba msaada, akajibiwa asubiri. Aliposubiri akachoka, akatunga sheria yake isiyoandikwa popote: anayetaka muhuri aje na jiwe. Jiwe moja, muhuri mmoja. Lilipaswa kuwa jiwe la kubebwa kwa mikono miwili, na ulilitupa mwenyewe kinamasini yeye akikutazama. Watu waliyabeba kichwani, wakayafunga kwenye baiskeli, wakanung'unika njia nzima. Mwanamke mmoja alileta kokoto. Mzee akamuuliza kama anataka muhuri mzima au robo.

Kinamasi kikajaa, miaka ikienda. Malori yakaanza kupita, na barabara ile ikafika sokoni mvua na jua. Hapo hakuna aliyebisha kwamba kazi ile ilikuwa yake. Lakini kiti nacho alikikalia kama kupe. Kila uchaguzi alipita bila mpinzani, kwa sababu aliyetaka kugombea alihitaji kwanza barua yenye muhuri wa mwenyekiti, na mwenyekiti kila mara alikuwa amesahau soksi nyumbani. Naibu wake, Mwalimu Elias, alikuwa naibu tangu akiwa na nywele zote.

Siku moja Mzee Asukulu alinijia Kakoba akiwa amevaa viatu, si kandambili zake. Halmashauri ya wilaya ilikuwa imekubali kipande kile cha barabara kuu, kutoka sokoni hadi kilimani, kiitwe kwa jina lake, na bango angelichagua fundi yeye mwenyewe. Nilimpa kiti, nikamtania kwamba sasa atakanyagwa na malori. Hakucheka.

"Fundi," akasema, "kwetu Fizi baba yangu aliacha mulima yenye jina yake. Mimi niliacha ile mulima, nikakimbia. Hapa nalima shamba ya kuazima, nalala mu nyumba ya kuazima, hata nikikufa ni udongo ya kuazima. Nataka kitu moja tu yenye jina yangu, ile mutu hawezi kukuja kuniomba nirudishe."

Nilikuwa namfahamu mzee yule kwa miaka mingi na sikuwahi kumsikia akisema kwa ufupi hivyo. Nikamwambia nitalitengeneza bango mimi mwenyewe, kwa brashi yangu bora. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, nilipake rangi Juru, lisije likakwaruzwa safarini. La pili, nisimwambie mtu, hata Mama Riziki, kwa kuwa alitaka siku ya sherehe kitambaa kivutwe na watu washtuke. Watu wenyewe waliambiwa tu kwamba wageni wa wilaya watakuja kukagua barabara.

Walishtuka, hilo siwezi kukataa.

Nilikwenda Juru siku moja kabla ya sherehe. Bati lilikuwa zito, safi, la kupendeza. Mtaniuliza kwa nini sikutumia kijani au buluu. Ninyi mnabonyeza na rangi inakuja. Mimi nilitaka kazi bora ya maisha yangu, na mkono ukitaka kufanya kazi bora unarudi kule ulikozoea. Nikalipaka jeusi kwa rangi ya kukauka haraka, nikangoja, nikaandika kwa herufi nyeupe MZEE ASUKULU, kila herufi na majani yake, na ukingoni nikazungusha mstari mwembamba. Nikaliegemeza kwenye ukuta wa Saluni Paris, unaopata jua tangu asubuhi, likitazama barabara. Ndipo nikagundua bolti za kulifungia sizo. Nikadandia pikipiki ya kwanza iliyopita nirudi Mbarara mbio, na Mzee Asukulu naye alikuwa huko huko tangu alfajiri akichukua suti yake kwa fundi wa nguo.

Sasa tazameni jambo hili kwa macho ya Juru. Prezida ameondoka asubuhi kwa boda boda kwenda Mbarara, na ajali za boda boda za njia ile tunazijua. Simu yake inapigwa haipatikani, maana aliiacha kwenye kibanda cha kuchajia, imezimwa, pale pale sokoni. Kisha fundi wa misalaba, ambaye anaishi Mbarara, anatokea bila kualikwa, haongei na mtu, anaandika jina la Prezida kwa nyeupe juu ya nyeusi, na kuondoka mbio bila hata kunywa maji. Kinyozi wa Paris, alipoona nilichoegemeza ukutani kwake, hakuniuliza neno. Alifunga saluni akiwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja, akaenda kutangaza. Lisemwalo lipo, kama halipo li njiani laja. Mama Riziki alikuwa shambani. Aliporudi na jembe begani alikuta uani kwake watu wamejaa, wanalia, na alipoambiwa kuhusu boda boda akaamini na yeye, akaketi chini akalia.

Huko Mbarara mimi nilimkuta Mzee kwenye gari la halmashauri, pikapu iliyokuwa inapeleka nguzo mbili ndefu na mifuko ya saruji, vyote vimefunikwa turubai. Alikuwa amevaa suti nyeusi mpya. Alikataa kuketi ndani na dereva. Alisimama nyuma ameshika chuma, apate kuonekana. Tulipofika Masha, katikati ya safari, tulisimama kunywa chai, naye akainywa wima asije akakunja suruali. Alifurahi kama mtoto siku ya Noeli, nami nilifurahi kwa ajili yake.

Tulipokaribia Juru tukaona watu wengi barabarani, wanawake mbele, wamejifunga vitenge viunoni.

"Unaona, Fundi?" akasema Mzee akirekebisha tai. "Walisha kujua. Nani amewaambia?"

Nikaapa kwamba si mimi. Akanyanyua mkono kuwapungia.

Wale waliokuwa mbele walikuwa wanatazama turubai. Waliona kitu kirefu kimefunikwa, wakapiga kelele za kilio na kulikimbilia gari. Kisha mmoja baada ya mwingine wakanyanyua macho, wakamwona marehemu amesimama juu ya mwili wake mwenyewe, amevaa suti, anapunga. Walikuja kwa kukimbia na walirudi kwa kukimbia zaidi. Mchungaji, aliyekuwa ameshika kitabu cha nyimbo, alikitupa, na baadaye alisema kilimponyoka. Dereva akafunga vioo.

Aliyebaki barabarani ni mtu mmoja, Mama Nabalwa, dada mkubwa wa Mzee, ambaye ndiye aliyemlea. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Akatembea taratibu mpaka kwenye gari, akamshika ndugu yake sikio, akaliminya.

"Iko moto," akasema. "Asukulu, umekufa?"

"Hapana, yaya," akasema, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu. "Nilienda kuchukua suti."

"Suti ya nini?"

"Ya kesho."

"Na sisi hapa tunafanya nini tangu asubuhi?"

Sikio lilikuwa bado mkononi mwa dada yake. Akaongozwa nalo mpaka uani, nami nikafuata nyuma na bolti zangu, nikitafuta mahali pa kusimama ambapo hakuna mtu. Mama Riziki alimwona mumewe, akalia upya kwa namna nyingine, akampiga kifuani na kuuliza simu ni ya nini kama haibebwi.

Mngedhani hapo watu wangecheka wakaenda makwao. Hamjui desturi. Uani kulikuwa na maharage, unga wa muhogo, kuni, na wafugaji walikuwa wameleta maziwa. Hivyo vyote vilikuwa vya kilio. Mama mmoja alipoinama kuchukua kapu lake, wazee walimzuia mkono. Mchungaji, aliyekuwa amekipata tena kitabu chake, akaeleza kwa upole. "Chakula ya kilio hairudiaka ku nyumba. Ukirudisha, umerudisha na kilio. Na machozi ni vile vile. Mutu haliliwaka mara mbili."

"Lakini mutu hakukufa," akasema Mzee.

"Ndiyo shida," akasema Mchungaji.

Wazee wakaketi, na mimi nikaketishwa katikati kama kielelezo. Ilionekana kwamba kilio kilichokwisha anza lazima kimalizwe, na ili kimalizwe lazima kuwe na aliyekufa. Hapo ikajulikana pia kwamba Mwalimu Elias alikuwa ameshatoa hotuba asubuhi, akasema kwa majonzi makubwa kwamba anakubali kubeba mzigo ulioachwa na marehemu. Alipoulizwa kama anaurudisha mzigo, alisema yeye anasikiliza wazee watakavyosema, lakini mzigo umeshamzoea.

Mama Nabalwa ndiye aliyekata shauri. Alisimama na mwiko wa ugali mkononi.

"Kilio iko na mwenyewe," akasema. "Tulilia Prezida, na tuliona jina yake ku mbao. Basi moja ikufe. Prezida akufe, ao mbao ikufe. Kama ni mbao, tunachoma sasa hivi, tunapikia maharage. Asukulu achague."

Nilijitahidi kueleza kwamba bati haliungui, na kwamba rangi ya mafuta ikiungua inanuka na itaharibu maharage. Niliambiwa ninyamaze, kwamba nimesema ya kutosha kwa brashi.

Mzee Asukulu aliketi kwenye mkeka wa wafiwa, suti na yote. Hakuangalia tena kama suruali inakunjika. Walimletea bango kutoka Paris, wanaume wawili wakilishika pembeni kwa ncha za vidole, wakaliegemeza mbele yake. Alilitazama kwa muda mrefu. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka mtupu. Ukaingia tena. Nilimjua mzee yule. Kiti kile ndicho kilichomfanya aamke asubuhi, na pasipo muhuri alikuwa mkulima wa maharage kama mimi. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo, Mungu anisamehe, nilikuwa naliombea bango langu.

Alitoa soksi. Akatoa muhuri ndani ya soksi, akauweka kwenye mkeka.

"Prezida amekufa," akasema. "Mumulilie vizuri."

Mwalimu Elias akanyoosha mkono, Mama Nabalwa akaupiga kwa mwiko. "Uchaguzi," akasema. Muhuri akapewa Mchungaji autunze mpaka watu wapige kura. Elias alishinda kura hizo, na ninapoandika haya bado hajatoka, lakini hayo si ya fundi wa mabango kuyasema.

Basi tukamaliza kilio. Tukaimba, tukaomba, watu wakasema maneno juu ya marehemu mwenyekiti, mema na mabaya, kwa uhuru ambao hawajawahi kuwa nao, na Mzee alisikiliza yote. Mwanamke wa kokoto alisimama akasema marehemu alikuwa mkali kama pilipili, lakini mwanawe wa mwisho alizaliwa zahanati kwa sababu gari lilipita. Kisha maharage yakapakuliwa. Mzee alikula ya kwake yote na kusema chumvi ni kidogo.

Kesho yake mgeni wa wilaya alifika na msafara. Bango lilikuwa limesimama kwenye nguzo zake, limefunikwa kitambaa, ingawa hapakuwa na mtu Juru nzima asiyejua chini yake kuna nini. Mgeni alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake cha barabarani. Alipopanda jukwaani akaangalia huku na huku.

"Mimi nataka kusalimia chairman ya hapa," akasema. "Yeye iko wapi?"

Mzee Asukulu akasimama na suti yake iliyokunjika magotini.

"Mheshimiwa, mwenyekiti alikufa jana," akasema. "Mimi ni barabara."

Mgeni alisikitika sana. Alivua kofia, akasema pole, akaomba wote tusimame kimya kwa ajili ya mwenyekiti. Tukasimama, na Mzee akasimama nasi, mikono mbele, kichwa chini. Sijawahi kuona umati uliojikaza vile; Mchungaji alilazimika kutazama milima ya mbali. Kitambaa kikavutwa. Niliwaza kwenda upande wa pili wa barabara nifumbe jicho moja, lakini machozi yalikuwa yamejaa yote mawili, ya kucheka au ya kitu kingine.

Tangu siku ile nilitumia kijani kwa walio hai, na mnapaswa kujua kwamba ndiyo sababu kopo la kijani karakanani halikuwahi kufungwa. Mzee alirudi kwenye maharage yake. Kila asubuhi alitembea kipande kile chote, akawakemea wenye baiskeli waliokwenda kasi na kuwaambia watoto wasichimbe kando ya barabara yake. Nilipokwenda Juru alinipeleka kila mara kulitazama bango, kama vile sijawahi kuliona, akanionyesha mahali ambapo herufi moja imeanza kubanduka. Nikapanda ngazi nikaitengeneza.

Miaka michache kabla sijastaafu aliletwa hospitali ya Mbarara akiugua ini. Kila jioni nilitoka Kakoba nikaketi naye. Alinitania nisije na brashi. Alipofariki tulimrudisha Juru kwa pikapu, na safari hii nilikuwa nyuma mimi, nimeshika turubai.

Watu walikuja wote. Walileta maharage na unga, wafugaji wakaleta maziwa, wakaketi uani pale pale. Lakini hawakulia. Neno la wazee lilikuwa neno, na mtu haliliwi mara mbili. Mtoto aliyeanza kulia alinyamazishwa. Mama Riziki alikaa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika bila sauti. Nimehudhuria vilio vingi kwa sababu ya kazi yangu, na sijawahi kuona kilichoniumiza kama kile, watu wote wameketi na macho makavu kama wanangoja gari.

Ndipo Mama Nabalwa akasimama. Alikuwa amezeeka, anashikiliwa. Akafika kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake, akaanza kulia kwa sauti kubwa, ile ya zamani. Mchungaji akamwendea taratibu, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema moja ikufe, na kwamba huyu alishaliliwa.

"Ile siku nilimulilia Prezida," akasema bila kugeuka. "Leo minamulilia mutoto wa mama yangu."

Mchungaji akasimama pale, kitabu mkononi. Kisha akavua miwani na yeye, nasi wote tukalia.